Kona Iliyofagiwa

Inspekta Evaresta Sumari alisimama kizingitini mwa jiko la marehemu Ndeshi, mikono nyuma, akaitazama sakafu kwa muda mrefu. Kisha akageuka.

"Mzee Ephraimu, nani amefagia humu?"

Mzee aliinua uso kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa ameketi kwenye gogo nje ya jiko, koti zito begani, ndugu zake wamemzunguka.

"Nani afagie, mwanangu? Wewe si binti wa Sumari wa Poli? Umelelewa wapi? Mke wangu yuko mochwari, hajashushwa ardhini, halafu mtu ashike ufagio kwenye mji wangu?"

"Ndiyo maana nauliza, mzee."

Hapo Nkoalesi, kijiji kilichoning'inia mlimani juu ya Tengeru, desturi ile hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Msiba ukiingia, ufagio unalala mpaka maiti azikwe na waliolala matanga watawanyike. Anayefagia kabla ya hapo anawafukuza waliokuja kulia, na anamfukuza aliyekufa pamoja nao. Hata walevi wa kilabuni wanalijua hilo.

"Jumatatu jioni niliporudi kutoka hospitali na habari mbaya," mzee akasema, "nilisimama hapo uliposimama. Mahindi yaliyoungua yalikuwa yamemwagika kutoka darini, chini kote, kona zote. Nikafunga mlango kwa kamba. Sikufungua tena mpaka polisi walipokuja kesho yake."

"Na mtungi?"

"Sina mtungi. Sijawahi kuwa na mtungi. Nimewaambia wenzako, wakaniambia nina uchungu wa msiba, nimesahau tu."

Evaresta akaingia ndani peke yake.

Kesi yenyewe ilikuwa imepangwa vizuri mno. Jumatatu asubuhi Ndeshi aliwasha jiko la gesi alilopewa na kampuni ya Kilele Gesi ili achemshe maziwa, na jiko zima likalipuka. Kesho yake polisi wa kituo kidogo wakakuta mtungi wa gesi ya kupikia, ule mdogo unaouzwa mjini, umesimama kwenye kona. Kabla jua halijazama walikuwa wamemkamata Lemburis, fundi umeme wa kijiji, kwa sababu Jumapili baada ya ibada alionekana akitoka jikoni humo na spana. Lemburis ndiye aliyeipinga gesi ya kampuni kwenye kila mkutano. Basi, wakasema, ameleta mtungi wake, ameufungulia kwa siri, ili jina la kampuni lichafuke kabla ya sherehe yake ya uzinduzi Jumamosi. Mauaji. Evaresta alikabidhiwa jalada likiwa limeshaandikwa mwisho wake. Yeye alitakiwa kujaza katikati tu.

Akachuchumaa. Chini ya meza palikuwa na rundo la majani ya ng'ombe. Hayakuungua hata ncha. Kandambili za marehemu zilikuwa bado pale zilipomvuka miguuni, nzima, plastiki yake haikujikunja. Akainua macho. Dari la fito, ambalo watu wa mlimani hukaushia mahindi juu ya moshi, lilikuwa mkaa mtupu. Mabati juu yake yamebinuka kama karatasi iliyolowa.

Alikumbuka moto wa Kaloleni, wa mama ntilie ambaye mtungi wake ulivuja. Yule aliungua miguu mpaka magotini, na kiunoni kwenda juu hakuwa na jeraha. Gesi ya mtungi ni nzito, inalala sakafuni kama maji. Daktari aliyempokea Ndeshi alikuwa ameandika kichwa, shingo na mabega. Miguu hakuigusa kwa kalamu.

Iliyomuua Ndeshi ilikuwa nyepesi. Ilipanda juu, ikajificha darini kati ya mahindi, ikangoja kiberiti.

Akasogea kwenye kona. Sakafu yote ya udongo ilikuwa imefunikwa na majivu na mahindi meusi, isipokuwa pale, kando ya ukuta, bomba la kampuni lilipoingilia. Pale palikuwa pamefagiwa, tena vibaya, mistari ya ufagio imekwaruza udongo mkavu huku na huko. Mtungi ulisimama katikati. Juu yake kulikuwa na vumbi la udongo. Masizi hayakuwepo. Akapitisha kidole: vumbi jekundu, safi. Katika chumba ambacho hata buibui walikuwa wamegeuka makaa, mtungi ule ulikuwa umevaa vumbi la kufagiwa peke yake.

Halafu akaona tepu. Mafundi bomba huizungusha kwenye nyuzi za maungio ili yasivuje. Bomba lilikuwa jeusi, koki ilikuwa nyeusi, ukuta ulikuwa mweusi. Tepu kwenye ungio ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto.

"Mzee," akaita kwa sauti ya kawaida, "mwambie mwenyekiti anipe watu wawili wa kulinda mlango huu. Asiingie mtu. Hata mimi nikirudi bila gari la polisi, nisiingie."

*

Nyumba ya jirani ilikuwa ya Evelyn, mjane mwenye mdomo wake, naye alikuwa mmoja wa watu kumi, Ndeshi akiwemo, ambao kampuni iliwachagua kuwapa jiko la mfano. Alimkaribisha Inspekta kwa kikombe cha maziwa ya mgando na malalamiko.

"Hapa tumeahidiwa vitu, afande, we acha. Walikuja wa majiko ya samadi, tukachimba mashimo, ng'ombe wakatumbukia. Wakaja wa majiko ya jua, wakapiga picha, wakaondoka na jua lao. Sasa hawa wa gesi ya maji, eti umeme wa mtoni unayapasua maji yanakuwa gesi. Mimi nikasema poa, angalau hawa wamefika na bomba."

"Na umeme wa nyaya?"

Evelyn akacheka bila furaha. "Nguzo si zimelala nyuma ya ofisi ya kijiji zinaota uyoga? Tulizinunua Olmotonyi kwa michango yetu. Mtambo ule wa umeme mtoni walijenga baba zetu, wakikatwa kwenye kila gunia la kahawa, enzi ushirika una meno. Ulikuwa unasaga mahindi, unawasha taa zahanati. Likaja soko huria, tukaambiwa mtambo ni mzigo. Mzigo ukatafutiwa mwekezaji. Leo mzigo huo huo una geti na mlinzi, na mimi nikitaka kuutazama naulizwa nina miadi na nani."

Evaresta aliliangalia jiko. Lilikuwa limefungwa vizuri, linang'aa, chini ya dari la fito lililojaa mahindi, sawasawa na la Ndeshi. Paa halikuwa na tundu hata moja.

"Hii gesi ina harufu?"

"Haina. Na moto wake mchana huuoni, unaweka mkono ndiyo unajua. Lakini walitupa karatasi ya mafunzo. Inasema ukisikia harufu, fungua mlango, pepea chini kwa kanga." Akainua mabega. "Nimekaa nangoja harufu."

"Hayo ni mafunzo ya gesi ya mtungi, mama."

"Sasa mimi nitajuaje? Waliandika wenyewe."

"Vijana waliokufungia, walikuwaje?"

"Wana adabu, sitawasingizia. Wakimaliza kazi wanafagia. Ni amri ya kampuni, kila wakigusa bomba lazima wafagie. Kuna mmoja, Thomasi, fundi wa Rombo, alinyunyiza maji kwanza vumbi lisiruke, akafagia mpaka uani. Nikamwambia wewe ungekuwa msichana ningekuposea mwanangu."

"Ananyunyiza maji kwanza."

"Kila mara. Mtu aliyelelewa."

Inspekta akaweka kikombe chini, akainuka, akafunga koki ya jiko kwa mkono wake mpaka ikagoma. "Leo pika kwa kuni, mama. Na kesho. Ukiona mtu wa kampuni anataka kuifungua, mwambie nimekataza mimi."

"Na Jumamosi? Waziri anakuja kunywa chai yangu ya gesi."

"Mpe maziwa ya mgando."

*

Uwanja wa Kilele Gesi ulikuwa pale pale kwenye mtambo wa zamani, ukuta mpya, rangi ya bluu. Mabasi mawili yalikuwa yanapigwa maandishi ubavuni: MAJI YANATEMBEA. Meneja alikuwa Hans, mtoto wa Wamachame aliyekulia Njiro, mtaa wa wenye nacho mjini, shati jeupe, viatu vya ngozi, sauti laini ya mtu aliyezoea kusikilizwa na wafadhili. Alimsalimu Inspekta kwa mikono yote miwili.

"Pole na kazi, dada. Tumesikitika sana. Mama yule alikuwa kama mama yetu."

"Mlikwenda kutoa pole?"

"Bado. Tulisubiri polisi wamalize. Hatukutaka kuingilia upelelezi."

"Kwa hiyo toka mlipuko hamjakanyaga kule."

"Hata mguu mmoja."

Evaresta aliandika. Alikuwa mwandishi wa polepole, na kimya chake kilimfanya Hans aendelee kusema, kama alivyotarajia. Hans alisema juu ya mlima. Kwamba msitu unaliwa na kuni na mkaa, kwamba mito inakauka, kwamba mabasi ya dizeli yanawapa watoto wa mjini pumu. Alisema nyaya zitafika kwa wachache wenye uwezo wa kulipia, lakini gesi unaweza kuihifadhi, unaweza kuibeba, unaweza kuendeshea basi. Hakuwa anasema uongo wote. Hilo ndilo lililokuwa baya.

"Na yule Lemburis?" Evaresta akauliza.

"Yule ni mtu wa chuki tu. Ana hesabu zake za darasa la saba. Anawaambia watu eti umeme ukipita kwenye nyaya unafika karibu wote, ukiugeuza gesi halafu ukaigeuza tena, njiani unaliwa zaidi ya nusu."

"Ni uongo?"

Hans akatabasamu. "Ni kurahisisha mambo."

"Niitie fundi wako Thomasi."

Thomasi alikuja akifuta mikono kwa kitambaa, mwanaume mfupi wa makamo, rozari shingoni. Alipoona sare alisimama kama aliyeitwa jina kanisani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa. Thomasi, nimekuta kona jikoni kwa Ndeshi imefagiwa. Ninyi mkigusa bomba mnafagia, sivyo?"

Thomasi alimtazama meneja. Meneja alikuwa anaangalia mabasi.

"Ndiyo utaratibu," akasema.

"Na ungio la bomba limewekwa tepu mpya baada ya moto. Tepu haina moshi. Kuna mtu alilirudia lile ungio, akasimamisha mtungi, akafagia. Nilipotoka kwa Evelyn nilikuwa nimeshaandika jina lako."

Jasho lilianza kumtoka Thomasi kwenye paji la uso.

"Halafu nikalifuta," Evaresta akaendelea. "Wewe unanyunyiza maji kwanza. Umesifiwa kijiji kizima kwa hilo. Ile kona imefagiwa kavu, vumbi limeruka mpaka juu ya mtungi. Aliyefagia hajawahi kushika ufagio kwenye sakafu ya udongo maishani mwake. Amezoea sakafu ya vigae, na dada wa kazi wa kumfagilia."

Sasa hakuna aliyeangalia mabasi. Viatu vya Hans vilikuwa vimepigwa rangi upya asubuhi ile, lakini kwenye mshono wa soli rangi haifiki, na pale palikuwa na udongo mwekundu umechanganyika na majivu. Evaresta alivitazama tu. Hakuvigusa.

"Thomasi," akasema, "kule mahabusu Lemburis ameshikwa kwa mauaji. Mauaji hayana dhamana. Ana watoto."

"Mimi nilikataa kufagia," Thomasi akasema.

"Thomasi," Hans akasema.

"Nilikataa, bosi, unajua nilikataa." Sauti yake haikupanda. "Afande, aliniamsha Jumatatu usiku. Akasema tukaangalie bomba kwa usalama. Waliolala matanga walikuwa upande wa mbele, tukapita nyuma, tukafungua kamba ya mlango. Ungio lilikuwa limelegea, mimi ndiye nililifunga toka mwanzo, na marehemu alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba linalia. Tuliambiwa tungoje mpaka baada ya sherehe. Basi nikalirudia. Mtungi alikuja nao yeye kwenye gari. Nikausimamisha. Akaniambia fagia, tufute nyayo. Nikamwambia bosi, hapa kuna msiba, mimi ufagio siushiki. Sitafagia kwa marehemu. Akakasirika, akachukua mwenyewe."

Evaresta aliacha kuandika. "Mtungi uliusimamisha."

"Ndiyo."

"Ukijua utamfunga mtu."

"Sikujua ni nani."

"Lakini ufagio ukakataa."

Thomasi akainamisha kichwa. "Msiba ni msiba, afande."

Hans alikuwa ameshatoa simu yake. Alibonyeza namba taratibu, kama mtu anayeagiza soda. "Dada," akasema, bado kwa ile sauti laini, "umefanya kazi nzuri. Sasa ngoja wakubwa waongee."

*

Wakubwa walikuwa wameshaongea difenda ya polisi ilipofika mjini. Mkuu wa upelelezi alimpokea Evaresta akiwa amesimama, jambo alilolifanya pale tu alipotaka mtu asikae.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, afande. Lemburis hana kosa. Ninayo maelezo ya fundi, yamesainiwa. Naomba kibali cha kumkamata meneja, na amri ya kufunga gesi kwenye nyumba tisa zilizobaki. Madari yote ni yale yale."

"Lemburis atatoka leo."

Evaresta alingoja. Hakuna kitu kizuri kilichowahi kutolewa haraka namna ile katika ofisi ile.

"Mauaji yanafutwa," mkuu akasema. "Tunaandika ajali. Mtungi wa gesi, mali ya marehemu. Lemburis anasaini kwamba aliuona pale Jumapili, anakwenda nyumbani, mama anazikwa, Jumamosi mabasi yanatembea. Nani ameumia?"

"Ndeshi ameumia. Na nyumba tisa..."

"Zitakaguliwa baada ya sherehe. Kampuni imeahidi."

"Na maelezo ya Thomasi?"

"Kesi ya ajali haina haja ya maelezo marefu, Sumari." Akamsogezea karatasi. "Asiposaini, mauaji yanabaki kama yalivyo, Jumatatu anafikishwa mahakamani. Chagua wewe namna ya kumweleza."

Mahabusu ya nyuma ilinuka mkojo na dawa ya kusafishia. Lemburis alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtu mrefu aliyekunjika mara tatu. Evaresta akamweleza yote bila kupamba: dari, tepu, ufagio, simu. Kisha akampa karatasi kupitia kwenye nondo.

Alisoma taratibu, midomo ikitembea.

"Mtungi mali ya marehemu," akasema. "Huyu mama aliniita Jumapili kwa sababu bomba linalia. Nikamwambia funga, mimi siruhusiwi kuligusa, lina muhuri wa kampuni. Nilikuwa na spana mfukoni, afande. Nikamwambia siruhusiwi." Akaitazama tena karatasi. "Akasema basi nitawasha haraka haraka nichemshe maziwa tu, nizime."

"Ukisaini unalala kwako leo. Mkeo yuko nje, toka asubuhi."

"Nisiposaini?"

"Jumatatu mahakamani. Kwa kosa lile lile. Unaweza kukaa ndani miezi, Lemburis. Nimeona watu wanakaa miaka wakisubiri upelelezi ukamilike."

"Na upelelezi umeshakamilika."

"Umeshakamilika."

Akacheka kidogo, puani. "Mahakamani Thomasi ataitwa?"

"Maelezo yake yako kwenye jalada la mauaji. Lazima aitwe. Kwenye jalada la ajali hayamo."

"Na wewe?"

"Na mimi nitaitwa."

"Utaulizwa nani alifagia."

"Nitaulizwa, na nitajibu."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu."

Lemburis aliikunja karatasi, akaikunja tena, akairudisha kati ya nondo.

"Walisema mtambo ni mzigo, tukanyamaza. Wakafunga geti, tukanyamaza. Leo wanataka nimwandikie mama wa watu mtungi ambao hakuwa nao, ili Jumamosi wapige ngoma. Mimi naogopa, afande, usinione hivi. Lakini nipelekeni mahakamani Jumatatu."

"Fikiria watoto wako."

"Na wewe kabla ya Jumatatu pita zile nyumba tisa. Usingoje amri." Akaegemea tena ukuta. "Mke wangu mwambie nimekataa mimi. Asije akadhani mmeninyima kutoka."

Evaresta alifunga mlango wa kati. Kitasa kilikuwa kibovu, ikambidi ageuze ufunguo mara mbili.

Nje, kwenye benchi la wageni, Hedwiga, mke wa Lemburis, alisimama kabla hajaitwa, chungu cha loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kimefungwa kwenye kanga. Alimsikiliza Inspekta mpaka mwisho. Kisha akalikaza fundo la kanga.

"Amekataa mwenyewe," akarudia.

"Mwenyewe."

"Basi mpelekee chakula hiki."

Askari wa zamu akaita kutoka kaunta, kwa mazoea, bila kuinua macho kwenye gazeti lake: chakula cha mahabusu sharti kionjwe na aliyekileta. Hedwiga akafungua kanga. Akachota kwa kijiko, akala, akitafuna polepole huku amemkazia macho Evaresta, akachota tena, akala tena, mpaka yule askari akaweka gazeti chini. Ndipo akafunika chungu, akakikabidhi.

"Jumatatu nimletee hapa au mahakamani?" akauliza.

"Mahakamani," Evaresta akasema.

"Nitakuja na wenzangu. Andaeni mabenchi."